Zao la Pembeni: Filamu katika Nchi ya Shaba

Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita hakuna aliyefungua mgodi Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa ajili ya kobalti. Kilichotafutwa kilikuwa shaba. Kobalti ilikuwamo ndani ya jiwe lilelile, ikatenganishwa kiwandani, ikauzwa, na pato lake likaingizwa katika hesabu ya shaba. Ndiyo maana bei ya shaba ikianguka na mgodi ukasimama, kobalti nayo hupungua sokoni, hata mwaka ambao dunia nzima inaitafuta. Wanaojua uchumi wa madini huiita bidhaa ya namna hiyo zao la pembeni: ina thamani yake na wateja wake, ila uamuzi wa kuitoa au kutoitoa unafanywa na watu wanaowaza jambo jingine. Hoja ya makala haya ni kwamba filamu, katika miji ya migodi ya Lualaba, imeishi maisha hayohayo kwa takriban miaka tisini. Kila ilipofika, ilibebwa na mtu mwenye shughuli nyingine iliyomletea mkate; na kila ilipoondoka, haikuondoka kwa sababu watazamaji wameichoka. Anayeijua historia hiyo hashangai sana anaposikia kwamba maduka makubwa ya michezo ya kompyuta yamefunga rafu zao za filamu.

Kwanza, habari yenyewe. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Sony ilianza kuuza na kukodisha filamu kupitia duka la PlayStation nchini Marekani, duka ambalo kazi yake ya msingi ni kuwauzia wenye konsoli michezo. Tarehe 2 Machi 2021 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Agosti mwaka huo haitauza wala kukodisha tena filamu na vipindi vya televisheni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja wamehamia kwenye huduma za kulipia kwa mwezi na zile zinazogharamiwa na matangazo. Valve, wenye duka la Steam, walikuwa wameifuta sehemu yao ya video tangu 2019, wakabakiza tu kile kinachohusu michezo. Microsoft, ambao walianza kuuza video kupitia Xbox mwezi Novemba 2006, walivumilia zaidi, lakini tarehe 18 Julai 2025 nao wakaacha. Wote walimwahidi mteja kwamba alichokwisha kununua ataendelea kukitazama. Ahadi hiyo ilianza kuchanika mapema. Mwaka 2022 wateja wa Sony wa Ujerumani na Austria waliarifiwa kwamba filamu za Studiocanal walizolipia zitaondolewa kwenye maktaba zao, kwa sababu mkataba kati ya makampuni hayo mawili umekwisha. Desemba 2023 ikaja taarifa kama hiyo kuhusu vipindi vya Discovery; kelele zikawa nyingi, mkataba mpya ukapatikana, na taarifa ikabatilishwa kabla ya mwaka kuisha. Mteja aligundua kwamba kitufe kilichoandikwa “nunua” kilikuwa kimempa ruhusa tu, na kwamba ruhusa hiyo ilitegemea makubaliano ya watu wawili asiowajua.

Msomaji anaweza kuuliza Kolwezi inaingiaje hapo, maana Kongo haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka la PlayStation, na kijana wa Manika, mtaa wa Kolwezi, aliyetaka akaunti alilazimika kujiandikisha kama mkazi wa nchi nyingine. Njia ya haraka ya kujibu ni ile ya betri: Sony ndiyo kampuni iliyoleta sokoni betri ya kwanza ya ioni za lithiamu mwaka 1991, na betri ile ilitumia oksidi ya kobalti. Kifaa cha kuchezea cha mkononi, simu, kompyuta ya mapajani, vyote vimekula kobalti, na leo zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sehemu kubwa ikitoka Lualaba. Ni uhusiano wa kweli, lakini siutegemei. Mwaka 1991 wenyewe migodi ya Katanga ilikuwa inaporomoka, na hakuna anayeweza kuchukua betri moja akaonyesha jiwe lake lilitoka shimo gani. Ninacholinganisha hapa ni desturi: desturi ya kufanya biashara ya filamu kama nyongeza ya biashara nyingine, na yanayowapata watazamaji wa filamu ya namna hiyo.

Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1937 iliianzisha Kolwezi kama makao ya migodi yake ya magharibi, mji uliochorwa mezani kabla ya kuwa na wakazi: Wazungu upande mmoja, mji wa Waafrika upande mwingine, na kambi za wafanyakazi karibu na mashimo. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshaacha mtindo wa kuajiri wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha vijijini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilitaka mfanyakazi akae, aoe, azae, na watoto wake wawe wafanyakazi wa kesho. Kwa hiyo ikajenga nyumba, ikatoa posho ya unga, ikafungua hospitali, ikawaachia wamisioni Wabenedikto shule. Wenyeji walilifupisha jambo hilo kwa maneno ambayo bado yanasikika: kazi njo baba, njo mama. Filamu iliingia kupitia mlango huo. Ilionyeshwa kambini jioni na siku za mapumziko, pamoja na mpira, maskauti na bendi, kwa sababu meneja aliamini kwamba mtu anayetazama ukuta mweupe hayuko kilabuni na hayuko kwenye mkutano. Baada ya mgomo wa Desemba 1941, ambapo askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi katika uwanja wa michezo wa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), haja ya kujaza saa za jioni ilionekana kuwa kubwa zaidi. Katika vitabu vya kampuni gharama ya projekta ilikuwa sehemu ya gharama ya kumweka mtu kazini, mstari mmoja na ule wa unga na dawa.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na hesabu yake. Tangu miaka ya 1930 ilichuja filamu ambazo Mkongo angeruhusiwa kuziona, na mwaka 1945 masharti hayo yakakazwa. Maofisa waliandika kwa kujiamini kwamba Mwafrika haelewi hila za kamera, hivyo apewe hadithi fupi, za polepole, zenye funzo. Wamisioni walilichukua jukumu hilo kwa bidii. Padri Alexandre Van den Heuvel alianzisha mwaka 1946 kituo cha Kikatoliki cha filamu kwa ajili ya koloni; huko Kasai Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili vilivyochekesha watu hata nje ya Kasai. Mahali pengi alisimama mtu kando ya turubai akiyaeleza yanayotokea kwa lugha ya wasikilizaji, na katika ukanda wa shaba lugha hiyo ilikuwa Kiswahili, ambacho kampuni yenyewe ilikieneza kama lugha ya kazi. Ziara ya Mfalme Baudouin mwaka 1955 ilizaa filamu ya André Cauvin, “Bwana Kitoko”. Kampuni ilitafuta utulivu kambini, misheni ikatafuta waumini, utawala ukatafuta raia watiifu, na wote watatu wakaitumia picha ileile inayocheza ukutani. Sijaona katika hao watatu mmoja ambaye, siku shabaha yake ingepatikana kwa njia ya bei rahisi zaidi, angeendelea kuonyesha filamu.

Hapa pana pingamizi lenye uzito. Wanahistoria wa siku hizi wanatuonya tusimwone mtazamaji wa kambini kama chombo tupu kilichojazwa na mwajiri. Ushahidi bora unatoka ng'ambo ya mpaka, katika ukanda uleule wa shaba upande wa Rhodesia ya Kaskazini. Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, akahudhuria maonyesho ya wazi ya mgodi wa Roan Antelope, na kuyaeleza katika kitabu chake cha 1962, “Copper Town”. Aliwakuta watu wakipiga kelele, wakishauriana, wakimshangilia cowboy kwa ngumi zao wenyewe, na wakiifuata hadithi kwa njia ambayo mwonyeshaji hakuikusudia. Charles Ambler baadaye aliandika kwa kirefu juu ya vijana wa huko waliovaa na kutembea kama mashujaa wa filamu za Magharibi ya Marekani. Léopoldville nako walikuwapo Bills, vijana wa mitaa waliojiita kwa jina la Buffalo Bill. Yote hayo nayakubali. Watazamaji waliimiliki maana ya filamu. Lakini hawakuimiliki filamu yenyewe, wala turubai, wala ratiba. Cowboy alipendwa kuliko filamu zote za mafunzo, lakini wakubwa ndio walioamua aonyeshwe au aondolewe, bila kuuliza mtu. Kupendwa na wateja hakukuwa na kura katika kikao kilichoamua, kama ambavyo mamilioni ya walionunua filamu katika duka la michezo hawakuwa na kura mwaka 2021.

Union Minière ilitaifishwa tarehe 1 Januari 1967, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 mrithi wake akapata jina la Gécamines. Bendera ilibadilika, mfumo wa baba na mama ulibaki. Gécamines iliendelea kulisha, kusomesha, kutibu na kuburudisha, ikaendelea kuchapa jarida la “Mwana Shaba” lililoanzishwa na wakoloni mwaka 1957, na kwa mtoto aliyezaliwa kambini mwaka 1970 kampuni na dola vilikuwa kitu kimoja. Mwenyeji mpya aliyeongezeka ni televisheni. Huko Lubumbashi kundi la Mufwankolo liliigiza kwa Kiswahili cha Katanga michezo iliyohusu mishahara, ndoa, ulevi na uchawi, na watu wa migodi walijiona kwenye kioo kwa lugha yao. Johannes Fabian, aliyeandika kitabu kizima juu ya kundi hilo, alionyesha jinsi waigizaji walivyoujenga mchezo kwa mazungumzo yao wenyewe, bila kuandikiwa. Kati ya picha zote zilizooneshwa katika ukanda wa shaba hadi wakati huo, hizo ndizo zilizokaribia kuwa mali ya watazamaji. Hata hivyo zilirushwa na kituo cha serikali ya Mobutu, ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kumtangaza Mobutu.

Mei 1978 ndipo Kolwezi ikawa jina la filamu. Waasi wa kundi la FLNC waliingia mjini tarehe 13, askari wa miamvuli wa Ufaransa wakarushwa tarehe 19, na kati ya hapo mamia ya watu, Waafrika na Wazungu, waliuawa. Mwanzoni mwa 1980 kumbi za Ufaransa zilionyesha “La légion saute sur Kolwezi” ya Raoul Coutard. Filamu hiyo haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane ya Ufaransa, Amerika ya Kusini, na kitongoji cha huko kikavalishwa sura ya mji wa mgodi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi: mji unaotoa jina na wafu wake, na hautoi hata mandhari. Kuna jambo jingine dogo la mwaka ule wa 1978 ambalo waandishi wa filamu huliacha kwa watu wa ufundi. Hofu iliyoletwa na vita ilipandisha bei ya kobalti mara kadhaa, na watengenezaji wa vipaza sauti, ambao sumaku zao bora zilihitaji kobalti, wakageukia sumaku za feri. Sauti iliyosikika katika kumbi na sebule za dunia ilibadilishiwa sumaku kwa sababu ya Kolwezi, wakati Kolwezi yenyewe ilikuwa inaokota maiti.

Kuanguka kulikuja kwa haraka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa chini kwa chini wa Kamoto ukabomoka Septemba 1990, uporaji ukafuata 1991, na miaka miwili baadaye watu wenye asili ya Kasai, wakiwemo mafundi na walimu ambao baba zao waliletwa na kampuni, wakafukuzwa Kolwezi na kurundikana kwenye stesheni wakisubiri mabehewa. Uzalishaji ukashuka hadi sehemu ndogo ya ule wa zamani. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 walipewa kiinua mgongo cha mara moja na kuondolewa kazini. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshawaita watu wa migodi, katika jina la kitabu chake, watoto wa shaba waliotelekezwa na baba yao. Orodha ya vilivyokatika huanza na mshahara, posho, hospitali na shule, na ni haki ianze hapo. Burudani hukaa chini kabisa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeandika tarehe ambayo filamu za kampuni zilikoma. Sony angalau ilitoa notisi ya miezi sita.

Kilichozaliwa katika ombwe hilo ni ukumbi wa video, na ningependa kukaa nao kidogo kwa sababu ndicho kisa pekee katika historia hii ambapo filamu haikuwa zao la pembeni. Chumba cha matofali au cha mabati, mabenchi, televisheni moja, deki ya kaseti na baadaye ya CD, ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya filamu na saa zake. Kiingilio kilikuwa kidogo kiasi kwamba mtoto aliyeuza karanga au kuosha mawe aliweza kukilipa. Umeme ulikuwa kichekesho kichungu: mabwawa ya Nzilo na Nseke yapo karibu na mji, na waya mkubwa wa kutoka Inga, wa kilomita 1,700 hivi, uliomalizika mwaka 1982, unaishia Kolwezi, lakini ulivutwa kwa ajili ya mitambo, na mwenye ukumbi aliyekosa umeme wa shirika la taifa, SNEL, alinunua mafuta ya jenereta. Watu waliona karate ya Hong Kong, Wahindi, makomando wa Marekani, na kuanzia miaka ya 2000 Wanigeria. Mwenye ukumbi asiyejua wateja wake walitaka nini alifunga mlango ndani ya mwezi. Alibadilisha filamu kwa sababu benchi lilikuwa tupu, akairudia kwa sababu lilijaa, akamtafuta mtu wa kueleza kwa Kiswahili pale ilipobidi. Tanzania kazi hiyo ilimpa jina Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kaseti zake za filamu za kigeni zenye sauti yake ya Kiswahili zilizunguka kote. Uganda ina ma-VJ wake. Kwa mara ya kwanza mahitaji ya mtazamaji na mkate wa mwonyeshaji vilikuwa kwenye mfuko mmoja.

Atatokea wa kusema kwamba ninasifu wizi. Karibu kila kaseti na kila CD iliyochezwa katika kumbi hizo ilikuwa nakala isiyolipiwa. Kongo ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu tarehe 5 Aprili 1986. Haikuheshimiwa, na waliodhurika hawakuwa Hollywood peke yake. Mwigizaji wa Kikongo ambaye mchezo wake ulirekodiwa na kuuzwa sokoni hakupata kitu. Hilo ni kosa na sina maneno ya kulipamba. Lakini tuangalie pia upande wa pili wa mizani. Hakuna duka halali lililowahi kumfungulia mtu wa Kolwezi mlango. Mwenye haki hakumkatalia bei, alimkatalia soko. Na yule aliyelipa kihalali, Hamburg au Vienna, aliamka mwaka 2022 akakuta filamu yake inaondolewa, huku CD ya magendo ya mwaka 2003, ikiwa haijakwaruzwa, bado inacheza. Hoja yangu haihalalishi nakala ya magendo. Inaonyesha tu kwamba uhalali na umiliki ni vitu viwili, na kwamba biashara ya kidijitali iliuza kimoja kwa jina la kingine.

Pingamizi gumu zaidi ni hili: kumbi ambazo filamu ndiyo ilikuwa shughuli yao kuu nazo zilikufa. Pwani ya Afrika Mashariki ndiyo shahidi. Royal ya Zanzibar ilifunguliwa 1921, na katika kitabu chake “Reel Pleasures” Laura Fair amesimulia jinsi wafanyabiashara wa Zanzibar na Tanganyika, wengi wao wenye asili ya India, walivyoijenga sinema kuwa biashara ya familia kwa vizazi. Kumbi hizo leo ni maghala, makanisa au magofu, na kumbi za video za Katanga zenyewe ziliishia kuegemea mechi za mpira wa Ulaya, filamu ikawa ya kujazia siku zisizo na mechi. Basi kujitegemea kuna faida gani? Faida yake ni muda na ubishi. Mwenye Royal na wenzake walipambana na kodi, uhaba wa filamu, utaifishaji na televisheni kwa zaidi ya nusu karne, kwa sababu kufunga kulimaanisha njaa. Walibembeleza wasambazaji, walibadilisha ratiba, walishusha kiingilio. Kwa Sony filamu ilikuwa mstari mmoja katika ukurasa wa mapato. Uamuzi wa kuufuta ulichukua tangazo la aya chache, na konsoli ziliendelea kuuzwa kesho yake. Wala si kwamba Sony haijali filamu, maana inamiliki studio yake kubwa huko California. Dukani, hata hivyo, aliyesimama kaunta ni muuza michezo.

Na huduma za kulipia kwa mwezi, je? Netflix ilifunguliwa kwa karibu dunia nzima Januari 2016, Canal+ ina dishi juu ya mabati mengi ya Lualaba, na Mei 2025 intaneti ya Starlink ilipata leseni Kongo. Mtu wa Kolwezi mwenye pesa anaweza leo kutazama filamu nyingi kuliko meneja wa Union Minière alizowahi kuziota. Wingi huo ni wa kweli na ni ujinga kuudharau. Lakini umebebwa tena na wenye shughuli nyingine: kampuni za simu zinazouza vifurushi, wauza ving'amuzi wanaotegemea mpira, matajiri wa intaneti ambao video kwao ni kivutio cha kuuzia vitu vingine. Hesabu zao zikigeuka, filamu itaondoka kama ilivyoondoka kambini. Wasio na pesa ya kifurushi, ambao ndio wengi, huenda kwa kijana mwenye kompyuta na meza kando ya barabara, wakajaziwa filamu kwenye kadi ya simu. Huyo ndiye mrithi wa mwenye ukumbi wa video, na ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo huu anayemwachia mteja kitu cha kushika mkononi.

Hasara ya mfumo wa pembeni huonekana zaidi kwa filamu zinazoihusu Lualaba yenyewe. “Makala” ya Emmanuel Gras, inayomfuata mchoma mkaa akisukuma baiskeli iliyolemewa magunia hadi Kolwezi, ilipata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. “Machini”, ya Tétshim na Frank Mukunday wa Lubumbashi, ilitengenezwa mwaka 2019 kwa vijiwe na chaki kueleza mji unaovuta moshi wa viwanda. Zote zimezunguka matamasha ya dunia. Filamu za wakoloni na za wamisioni, ambamo babu za watu wa Manika wanaonekana wakiwa vijana, zinatunzwa Ubelgiji: Brussels, Tervuren, Leuven. Zilitunzwa kwa sababu huko kuna taasisi ambazo kazi yao ni kutunza kumbukumbu. Kolwezi, ambayo ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, imezungukwa na baadhi ya migodi yenye thamani kubwa duniani, na mtafiti anayetaka kuziona picha zake lazima aombe viza.

Mwaka 2025 mambo mawili yalitokea ambayo hayakupangwa pamoja. Februari, serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeporomoka, na Oktoba ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho kwa 2027. Kati ya miezi hiyo, Julai, Microsoft iliacha kuuza filamu. Mgawo wa kobalti una wakosoaji wake, na wachimbaji wadogo wa Kasulo na kwingineko ndio walioumia kwanza. Lakini unathibitisha jambo moja kwa hoja hii: zao la pembeni linaweza kutolewa katika hesabu ya mtu mwingine na kuwekwa katika hesabu yake lenyewe, mradi apatikane mwenye kulidai. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii za jirani, na kuandikiana nazo mkataba wa kazi zitakazofanywa. Shule, visima na zahanati hutangulia humo, na ni sawa. Endapo Manika au Fungurume wataandika siku moja ukumbi wa picha na hifadhi yake, idadi ya viti inaweza kujadiliwa baadaye. Kwanza wasome kifungu kinachosema hati ya jengo, projekta na nakala za filamu vitakuwa kwa jina la nani, na vitabaki kwa nani mgodi utakapofungwa.